Nimenunua pikipiki ya umeme ya porini, dukani wananiambia porini nisiende nayo

Wadau habari zenu. Naandika hasira haijaisha na sitaki kuificha. Niko Arusha, kazi yangu ni dereva wa watalii, na pikipiki za vumbi nimepanda tangu ujana, zote za petroli, mpaka juzi kati hapa nikaamua nichukue ya umeme. Jina la pikipiki sitaji, duka silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mambo ya spidi na uzito na bei siandiki pia, hayo mtu anaingia mtandaoni anayakuta. Mimi nataka mjue nilivyofanyiwa iliponizimikia mlimani.

Ilikuwa Jumamosi moja mvua za vuli zikiwa zimepungua, juu pamekauka ila kwenye makorongo bado kunateleza. Tulikuwa watatu, wenzangu wako na petroli, tumetokea Monduli mjini tunapanda Monduli Juu lakini sio kwa barabara, kuna njia ya ng'ombe inakata ubavuni mwa mlima, mawe yamekaa ovyo na katikati maji yamechimba mfereji. Betri inasoma zaidi ya nusu. Natangulia mimi, wenzangu wanakula vumbi langu. Tukafika pale mlima unaposimama kabisa, nikavuta resi, kimya. Kioo kimezima, kila kitu kimezima. Petroli ikitaka kuzima inakohoa kwanza, unapata nafasi ya kubana klachi na kushusha mguu. Hii haikohoi, moto unakatika uko katikati ya mwinuko na pikipiki inaanza kurudi nyuma na wewe uko juu yake. Nikaitupa upande wa mlima, mguu ukaponea kwenye buti.

Nikaiwasha upya. Ikawaka vizuri tu, betri bado zaidi ya nusu, nikatembea kidogo nikavuta resi ikakata tena. Nikaipumzisha kivulini nikidhani joto, ikawa yale yale. Kwenye sehemu tambarare inakwenda, ikiona mlima inakata. Layoni wawili, watoto wa Kimaasai waliokuwa wanachunga mbuzi, wakaja wakashika nyuma tukaishusha taratibu mpaka barabarani, hapo jua liko utosini, alafu nikaanza kutafuta kirikuu ya kuirudisha mjini. Nawashukuru sana wale watoto, walikataa hata hela ya soda mpaka nikawalazimisha.

Sasa njooni dukani.

Nimefika Jumatatu asubuhi, pikipiki sijaiosha ili waione ilivyo. Akaja yule msimamizi, sio kijana wa mapokezi, msimamizi mwenyewe ambaye siku nanunua alikuwa ananiita bosi na kuniletea maji ya kunywa.

"Shida nini kaka?"

"Inakata moto mlimani, na betri inakuwa zaidi ya nusu."

Hakuniangalia usoni hata kidogo. Akachuchumaa nyuma ya tairi, akabandua bonge la udongo kwenye meno ya tairi kwa kidole, akalitazama, akalitupa.

"Ulienda nayo wapi?"

"Monduli Juu."

"Kwa barabara?"

"Kwa njia ya ng'ombe."

"Basi hapo waranti haipo kaka. Waranti ni ya matumizi ya kawaida, lami na barabara nzuri."

Jamani. Hiyo pikipiki haina indiketa. Haina saiti mira, haina sehemu ya kufunga namba, haina siti ya abiria, ukiingia nayo lami trafiki wa kwanza tu mnamalizana. Ina tairi za kashata na shokapu ndefu zilizotengenezwa kwa kuruka. Ukutani, nyuma ya kichwa chake wakati ananiambia hayo maneno, kuna bango kubwa la mtu kairusha hewani vumbi limetanda chini yake. Nikamwonyesha lile bango kwa mkono. Akaniambia "hilo ni tangazo." Nikaomba anionyeshe kwenye karatasi ya waranti palipoandikwa lami. Hakuna. Kuna mstari unasema matumizi yasiyo sahihi, basi, na yasiyo sahihi anaamua yeye.

Alafu akasema neno lililonifanya nikae chini nimsikilize vizuri. "Wote mnaorudi na hii habari mnakuwa mmeipeleka milimani."

Wote! Kwa hiyo sio mimi tu. Kwa hiyo anajua kuna tatizo, watu wameshakuja nalo, na kila mmoja anarudishwa nyumbani kwa hadithi ya lami. Nikamuuliza dawa yake nini, akasema ninunue betri mpya, bei aliyoitaja inakaribia nusu ya pikipiki. Nikakataa. Akamalizia kwa kunipa somo: "Kaka, hizi ni za mazoezi mepesi na kupiga picha. Mashindano ni petroli, umeme hauwezi." Mtu anauza pikipiki za umeme za porini anasema umeme hauwezi, na alisema mbele ya kijana mwingine aliyekuwa anaulizia bei, wala hakushtuka.

Ngoja nimjibu hapa kwa sababu pale nilishindwa kuongea, nilikuwa natetemeka. Honda wenyewe, hao ambao injini zao za petroli kila mtu anaziapia, Oktoba 2023 walipeleka pikipiki ya umeme ya majaribio, CR Electric Proto, kwenye ubingwa wa Japani wa motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, wakampandisha Mmarekani Trey Canard, akasimama mstari mmoja na za petroli. Mwaka huohuo 2023 shirikisho la pikipiki la dunia, FIM, lilianzisha kombe la pikipiki za umeme za porini, E-Xplorer, raundi ya kwanza Barcelona, na kila timu ilikuwa na mwanaume na mwanamke. Uingereza msimu wa 2024 Jack Brunell alibeba ubingwa wa arenakrosi, yaani motokrosi ya ndani ya ukumbi, akiwa juu ya Stark Varg, umeme mtupu, na wapinzani wake wako na petroli. Hiyo Varg ya Wahispania ilipotangazwa 2021 waliitoa na nguvu farasi 80, wakati motokrosi ya petroli ya cc 450 inazungukia hamsini na kitu mpaka 60. Umeme hauwezi nini sasa? Yangu sio Varg, najua, hata theluthi yake haifiki, lakini asiseme umeme hauwezi.

Ila nikitulia kidogo, kuna mahali yuko sahihi na sitamnyima. Umbali. Kilo moja ya petroli imebeba kama kilowati saa 12, kilo moja ya seli za lithiamu imebeba kama robo tu ya kilowati saa moja. Mota inatumia karibu umeme wote uliopewa na injini inapoteza sehemu kubwa kama joto, kwa hiyo pengo linapungua, lakini haliishi. Motokrosi ya dunia mbio moja ni dakika 30 na mizunguko miwili, hapo betri nzuri inafika. Ukiniambia nitoke Arusha asubuhi nizunguke Longido na Ketumbeine nirudi jioni kwa njia za porini, hapana, hapo nipe petroli na galoni ya akiba. Na mlimani betri inakwisha haraka kuliko mtu anavyofikiria, ukipanda mfululizo na resi imefunguliwa unaona asilimia zinashuka huku unaangalia. Hilo nimelikubali tangu mwanzo na sikwenda dukani kulalamikia hilo.

Kinachoniuma ni kwamba pikipiki yenyewe ni tamu. Natamani ingekuwa mbovu, ningeisema vibaya nikalala.

Chukueni suala la mwinuko. Arusha mjini tu tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, ukipanda miteremko ya Meru juu ya Ngaramtoni unapita 2,000. Injini ya petroli inavuta hewa, na hewa huko ni nyepesi, kila mita 1,000 unazopanda inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Wenye kabureta mnajua, mnabadilisha jeti, mnahangaika na skrubu, pikipiki iliyokuwa kali Dar ikifika huku inasinzia. Mota ya umeme haivuti hewa kabisa. Nguvu iliyokuwa nayo Tanga ndo hiyohiyo iliyo nayo juu ya Olmotonyi. Mtu wa pwani anaweza asione umuhimu wake, sisi wa milimani hii ni zawadi.

Na vumbi. Anayejua vumbi la Kisongo wakati wa kiangazi, lile jepesi la kijivu linaloingia mpaka ndani ya saa, anajua maisha ya filta ya hewa. Unaendesha asubuhi, jioni unaifungua imeziba, unaosha, unapaka oili, na ukizembea pistoni na ringi zinakwenda. Umeme hauna filta ya hewa. Hakuna oili ya injini ya kumwaga, hakuna plagi, hakuna klachi ya kuungua kwenye korongo. Narudi nyumbani napuliza cheni, naangalia pedi za breki, nachomeka chaja, nimemaliza. Luku nayotumia kuijaza haifiki hata nusu ya nilichokuwa napeleka sheli.

Kwenye korongo lenyewe sasa, hapo ndo watu wa petroli wananyamaza. Mota inatoa nguvu yake ya kuzungusha tairi kuanzia sifuri kabisa, kwa hiyo unaweza kusimama katikati ya mwinuko, ukatafuta jiwe la kukanyaga, ukatulia, ukaanza tena polepole sana bila kuogopa kuzima. Hakuna kutafuta gia. Kushuka ukiachia resi mota inakushika yenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri, breki zinapumua. Dogo wa jirani yangu ambaye hajawahi kushika klachi nimemfundisha kwenye kiwanja cha Njiro, jioni hiyohiyo alikuwa anaruka vituta vidogo. Mnataka vijana wengi kwenye motokrosi hapa kwetu? Wapeni kitu ambacho hawapotezi muda wote wa mwanzo wanazimazima.

Kelele je. Nikipita na petroli kwenye vijiji vya juu Jumapili watu wakiwa kanisani nilikuwa naona aibu, ng'ombe wanakurupuka, wazee wanasimama na fimbo. Na umeme nimepita karibu na kundi la ng'ombe wameinua vichwa tu wakaendelea kula. Lakini hapohapo kuna hatari, mtu wa mbele hakusikii, mama mwenye kuni mgongoni hajui uko nyuma yake, kwa hiyo nimefunga kengele ya baiskeli kwenye usukani na naipiga kila kona. Wauzaji walitakiwa kusema hilo, hawakusema.

Sasa ilivyopona. Sikurudi tena pale dukani. Kuna kijana maeneo ya Kilombero, hapahapa Arusha, anatengeneza betri za sola na za laptop, kibanda chake ni kidogo mtu mnene anaingia kwa ubavu. Nikamwambia historia yote. Kitu cha kwanza alichofanya alivua saa na pete akaweka kwenye kikombe, akaniambia na mimi nitoe mikono mfukoni nisiguse kitu, volti hizi zikigusana kwa bahati mbaya hazisamehi. Akafungua skrubu za boksi moja moja akizipanga kwenye kifuniko.

Ndani betri ya volti 72 ni mafungu 20 ya seli yamefuatana, kila fungu likijaa linasoma volti 4.2, ndo maana ikijaa kabisa inasoma 84. Akashika mita akaanza fungu la kwanza, ananitajia mimi naandika kwenye simu: 3.78, 3.78, 3.79, 3.78, yanakwenda hivyo hivyo, tukafika fungu la kumi na nne akanyamaza, akapima tena. 3.41. Akaendelea mpaka mwisho, mengine yote mazima. Akarudi lile moja, akachukua kijiti cha plastiki akasukuma utepe wa nikeli unaounganisha seli. Ukainuka. Seli kadhaa za fungu lile zilikuwa zimeachia, kuchomelewa kulikuwa kwa juujuu tu, mitikisiko ikaubandua. Chini ya betri hakuna hata sponji, boksi la chuma na seli, plastiki nyembamba katikati.

Akanielewesha taratibu, na nikamwelewa kuliko mtu yeyote wa duka lile. Fungu limebaki na seli chache, zinabeba mzigo wa zote. Kwenye tambarare zinavumilia. Nikivuta resi mlimani volti zake zinaporomoka chini ya 3 kwa sekunde, ule ubao wa kulinda betri, BMS, unaona fungu moja linakufa unakata kila kitu. Kioo kinasoma jumla ya mafungu yote, kwa hiyo kinaniambia zaidi ya nusu na wala hakikosei sana. Nikiachia, volti zinapanda, inawaka tena. Ndo ule ugonjwa wote wa Monduli.

Akalichaji lile fungu peke yake mpaka likalingana na wenzake, akachomelea tepe mpya, akaweka sponji ngumu chini na pembeni, akafunga. Hela aliyonitoza ukilinganisha na bei ya betri mpya niliyotajiwa ni aibu hata kuiandika, nikamwongezea.

Nimerudi njia ileile ya ng'ombe. Imepanda mpaka juu bila kukata. Baadaye nikaenda kwenye mazoezi na machalii wa motokrosi, uwanja wa udongo, mizunguko mifupi, na kwenye kona za kubana nilikuwa natoka mbele ya petroli, kwenye ile sehemu ndefu wananipita, kwenye kona narudi. Mmoja wao aliomba aijaribu, akarudi ameshika kichwa.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilianza kuandika hapa nikiwa na nia ya kuweka moja na kuwaambia msinunue kabisa. Sasa hivi pikipiki naipa nne, na ningenunua tena. Subiri, hapana, nne nyingi kwa kiwanda kilichochomelea hivyo na kusahau sponji kwenye kitu kinachouzwa kwa ajili ya kuruka, ningekuwa kwenye korongo lenye ukingo siku ile nisingekuwa naandika. Tatu. Duka sifuri, na hapo sibadilishi. Betri kuharibika ningeweza kusamehe, vitu vinaharibika, magari ya safari nayaona yanakufa kila siku. Kuniangalia tairi badala ya kuniangalia usoni, na kujua kwamba kuna wengine, hilo siwezi.

Na tusidanganyane kwamba ni kwetu tu wenye pikipiki hizi wanabaki peke yao. Alta Motors wa California walikuwa na pikipiki ya motokrosi ya umeme iliyoheshimika kweli, 2018 wakafunga, waliokuwa nazo wakabaki bila kiwanda nyuma yao. Tofauti ni kwamba Alta walifunga. Hawa wa kwetu wako wazi, taa zinawaka, bango liko ukutani, wanaendelea kupokea hela.

Mnaotaka kununua, kabla hujatoa hata shilingi mwambie muuzaji aandike kwa mkono kwenye risiti kwamba waranti inahusu matumizi ya porini, apige na muhuri. Akikataa toka.

Na nyie mliorudishwa na hadithi ya lami, najua mpo, amesema mwenyewe, niandikieni pembeni. Nina picha za lile fungu, nina ule utepe wa zamani nimeuweka kwenye bahasha, nataka twende Tume ya Ushindani, FCC, tukiwa wengi. Alafu mwenye kujua anayeuza seli za lithiamu za saizi ya 21700 mpya kweli, sio zilizochomolewa kwenye betri za zamani, Arusha au hata Moshi, aniambie, yule kijana wa Kilombero amesema akizipata atanitengenezea betri ya pili ya kubadilisha.